Kinachomaliza Nyumba Siyo Ada: Mafunzo Niliyopata Nikisomea Shahada ya Uuguzi

Wauguzi wenzangu wenye stashahada wanaotaka kurudi chuo huniuliza kwanza kuhusu ada. Wana haki ya kuuliza. Lakini ada ndiyo gharama pekee inayokuja na karatasi: unaijua kabla hujaingia darasani, ina tarehe, ina namba ya malipo, na mtu mwenye nidhamu huipanga. Nilisoma shahada ya uuguzi kwa miaka 4 jijini Dar es Salaam, masomo ya kutwa nzima, nikiwa mke wa fundi wa kuchomelea na mama wa watoto wawili wa shule ya msingi. Kilichotutikisa ni vile visivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Ndivyo ninavyovieleza hapa, kwa ajili ya yule aliyeshika barua ya udahili huku akiitazama familia yake.

1. Anza kuhesabu kinachokwenda kukoma

Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa rasmi ya masomo huendelea kupata mshahara wake, na wengi tukishalisikia hilo tunapumua. Sasa angalia nyumba ya muuguzi inavyoendeshwa kweli. Kuna posho ya kuitwa kazini, kuna malipo ya saa za ziada, na kwa wengi wetu kuna zamu za Jumamosi na Jumapili kwenye zahanati ya mtu binafsi. Siku unayokabidhi wodi na kwenda chuo, vyote hivyo vinakoma. Kwetu, fedha hizo ndizo zilizokuwa zikinunua mboga, gesi na umeme wa LUKU. Mshahara ulikuwa na kazi zake nyingine, kuanzia kodi ya nyumba.

Kilichotuokoa ni kwamba tuliyaanza maisha ya mwanafunzi kabla sijawa mwanafunzi. Nikiwa bado kazini, tuliamua kuishi kwa mshahara wangu mtupu pamoja na kile anachopata mume wangu, na kila posho ikaenda benki bila kuguswa. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Tuliacha kununua nyama kila wiki, tukahamia nyumba ya vyumba viwili huko huko Gongo la Mboto tulikokuwa tukiishi. Faida zake ni mbili: akiba iliongezeka, na tulijua kwa vitendo kwamba tunaweza. Mtu anayeanza kubana matumizi wiki ile ile anayoanza anatomia na fiziolojia anajitwisha mitihani miwili kwa pamoja.

Halafu kuna mikopo ya mshahara. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Wengi wetu tunaichukulia theluthi hiyo kama ruhusa ya kukopa mpaka tuifikie. Ukiwa kazini, posho hukuficha. Ukienda chuoni na theluthi pekee, umekwenda na nauli tu, na watoto umewaacha na nini? Nawaambia wenzangu bila kuzunguka: maliza mkopo kwanza, hata kama itabidi uombe udahili mwaka unaofuata.

2. Barua ya ruhusa ni fedha

Usiondoke kituoni kwa ahadi ya mdomo ya bosi mwema. Bosi huhama. Asiye kazini na asiye na barua ni mtoro, na mshahara wa mtoro husimamishwa. Shika barua yenye saini na muhuri, baki na nakala nyumbani.

Mshahara ukiendelea, bima ya afya nayo inaendelea. Mtumishi hukatwa 3% na mwajiri huongeza 3%, na kadi inamhudumia mwenzi na wategemezi hadi 4. Nilipoona wanafunzi wenzangu wakilipia bima ya mwanafunzi ya shilingi 50,400 kwa mwaka, nilielewa kwamba barua ile ilikuwa inawatibu na wanangu pia.

3. Nyumba moja, kalenda tatu

Mshahara huja mwisho wa mwezi. Chuo kinadai mwanzoni mwa muhula, na mwaka wa masomo hufunguliwa karibu na Oktoba au Novemba. Shule za watoto hufunguliwa Januari. Kwa hiyo kati ya Oktoba na Januari nyumba inapigwa mara tatu: usajili wa chuo, sikukuu, kisha sare, viatu na madaftari. Ni kweli kwamba tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha 4, na 2022 kidato cha 5 na 6 vikaongezwa. Huo ni msaada mkubwa kwa familia kama yetu. Lakini mtoto haendi shule bila viatu, na michango ya chakula cha mchana ni fedha taslimu.

Mume wangu, kama mafundi wengi, hana tarehe ya kulipwa. Kuna wiki anatengeneza mageti matatu, kuna wiki anakaa karakana akisubiri simu. Tuligawana hivi: fedha yenye tarehe, yaani mshahara wangu, ikalipa vitu vyenye tarehe, yaani kodi, ada na hisa za kikoba. Fedha isiyo na tarehe, ya kwake, ikanunua chakula. Akipata kazi kubwa ananunua gunia la mchele, maharage na ndoo ya mafuta kabla hajaifikisha fedha nyumbani. Wiki kavu ikija, stoo ina kitu.

Kikoba chenyewe tulikichagua kwa kalenda. Vikundi vingi huvunja na kugawana Desemba, na fedha hiyo kwa mwanafunzi inakuja chuo kikiwa kimeshafunguliwa na usajili umepita. Nilijiunga na kikundi cha akina mama wanaovunja Septemba. Hisa zilikuwa ndogo, lakini zilifika siku ya kuhitajika, na asiyesajiliwa hafanyi mtihani.

4. Wodi ina bei yake

Hapa ndipo uuguzi unapotofautiana na shahada nyingine, na ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kusomea nyumbani wakati wa shida. Mwanafunzi wa uuguzi lazima awepo wodini, kwa saa zilizopangwa, katika hospitali iliyopangwa. Leo uko Muhimbili, muhula ujao uko Amana, Temeke, Mwananyamala au Mloganzila. Kutoka Gongo la Mboto hadi Mloganzila, kule Kibamba, ni kuvuka jiji zima kwa kubadilisha magari, na zamu ya asubuhi haimsubiri aliyekwama kwenye foleni. Ukitoka zamu ya jioni usiku umeshaingia, daladala zimepungua, bodaboda anataja bei anayotaka. Nauli kwetu ilikuwa kubwa kuliko chakula changu, na kwa miezi mingine ilikuwa kubwa kuliko sehemu ya ada ya mwezi huo.

Ongeza sare za kutosha kubadilisha, viatu vilivyofunika vidole, saa yenye mshale wa sekunde, stethoskopu, kopi za mihtasari, na wali wa mama lishe nje ya geti. Kila kimoja ni kidogo. Nilichofanya ni kuulizia ratiba ya mafunzo kwa vitendo mapema kila muhula, nikaandika hospitali kwa hospitali na nauli yake, na fedha hiyo nikaiweka kwenye laini ya simu ambayo haikutumika kwa jambo jingine lolote. Chakula nilikibeba kwenye hotipoti. Vifaa nilinunua kwa waliomaliza mwaka wa 4, ambao huviuza kwa bei ya huruma.

5. Zamu ya ziada, lakini siyo kila zamu

Nina leseni, zahanati zinahitaji wauguzi, na likizo za chuo zipo. Nilifanya zamu wakati wa likizo na ninamshauri mwenye leseni hai afanye. Wakati wa mafunzo wodini nilikataa, hasa zamu za usiku, hata pale tulipoihitaji fedha sana. Muuguzi aliyekesha zahanati ya mtaani kisha akaingia wodi ya wazazi asubuhi anapima dawa akiwa hajalala. Mama aliyelala pale hajui kwamba nyumbani kwako kodi imekaribia, na hapaswi kuilipa kwa mwili wake. Kama hesabu ya nyumba haifungi bila zamu za usiku, punguza kitu kingine.

6. Michango: toa jibu moja kwa wote

Kwetu Dar mtu anayejulikana kuwa "anasoma chuo na mshahara unaingia" anaingizwa kwenye kila kundi la WhatsApp la harusi. Kadi, kikao, sare ya kitenge, ahadi. Upande wa mume wangu vivyo hivyo. Hakuna anayekudhulumu, ndugu hao hao ndio watakaokuzika. Lakini ahadi zilikuwa zinakula fedha ya chuo polepole.

Tulikubaliana kwamba msiba na ugonjwa tutachangia, kwa kiasi kilichopangwa mapema, na kwamba harusi tutachangia kwa mikono: kupika, kupamba, kusimamia wageni. Mume wangu ndiye aliyelisema hilo kwenye kikao cha ukoo wao, na mimi nikalisema kwetu. Jambo hili lina uzito. Mke akisema kwa wakwe, inaonekana anamfungia mume mkono. Mama mkwe alitusikiliza, akasema, "Mwanangu, someni kwanza, harusi hazitaisha duniani." Kuanzia siku hiyo yeye mwenyewe akawa anatujibia.

7. Ujira wa dada usiguswe

Fedha zinapobana, wa kwanza kufikiriwa kukatwa ni dada wa kazi. Nalipinga kwa nguvu zangu zote. Bila yeye mimi nisingefika wodini alfajiri, na watoto wangu wasingekula. Kumcheleweshea binti wa watu ujira wake ili nipate cheti ni kusoma kwa fedha yake. Tulimlipa kabla ya kulipa kingine, na tulimweleza wazi hali ya nyumba. Watoto nao waliambiwa, kwa maneno ya umri wao, kwamba mama yuko shule na baadhi ya vitu vitasubiri. Binti yangu mkubwa alianza kuzima taa za vyumba visivyo na mtu bila kuambiwa.

8. Kwa asiye na mshahara

Nimeongea kama mwajiriwa, lakini darasani kwetu wengi walikuwa vijana waliotoka kidato cha 6, na baadhi walikuwa tayari na watoto. Hao walitegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo haimkopeshi mwenye ajira inayomlipa mshahara. Fedha ya chakula na malazi, iliyopandishwa 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, imepangwa kwa tumbo la mtu mmoja. Niliwaona akina mama vijana wakiigawa na kuituma nyumbani siku ile ile inapoingia, kisha wakishinda wodini na chai ya rangi. Familia inayomsubiri mwanafunzi wa aina hii imtumie unga, isimsubiri yeye atume.

Na kabla ya kusaini mkopo huo, wewe na mwenzi wako someni masharti pamoja. Mkopaji akiajiriwa katika sekta rasmi hukatwa 15% ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Mshahara huo utakuwa wa nyumba nzima, na mwenzi wako ana haki ya kuyajua makato hayo kabla hujasaini.