Somo la Mwezi: Msaada wa Nje, Deni la Shamba na Bei ya Kahawa

Mkulima wa skimu husikia mara nyingi maneno mawili: msaada na mkopo. Watu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja. Si neno moja, na asiyejua tofauti yake anaweza kupoteza shamba. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze maswali matatu ambayo kila mkulima afaa kuuliza anapoambiwa kwamba fedha zimetoka nchi za nje.

Swali la kwanza: Je, ni zawadi au ni mkopo?

Tutazame skimu zetu zenyewe. Kuanzia mwaka 1962 Serikali ilinunua mashamba makubwa ya Wazungu ili kuyagawa kwa Waafrika. Jumla ilikuwa zaidi ya ekari milioni moja, na jamaa kama 35,000 walipata makao. Fedha zilitoka Uingereza, Benki ya Dunia na kwingineko. Nyingine zilikuwa zawadi, lakini sehemu kubwa ilikuwa mkopo wenye riba. Fedha za kununua ardhi walilipwa wenye mashamba waliokuwa wakiondoka. Deni lilibaki kwa Serikali ya Kenya, na mkulima akapewa sehemu yake ya kulipa kwa miaka mingi. Hati ya shamba ilingoja mpaka deni liishe.

Hatusemi kwamba mpango ule ulikuwa mbaya. Watu walipata ardhi. Lakini mkulima aliyedhani kwamba amepewa bure alishangaa alipoona barua ya kudaiwa.

Swali la pili: Deni litalipwa kwa kitu gani, na bei yake hupangwa na nani?

Serikali hulipa deni la nje kwa fedha za kigeni, na fedha hizo hupatikana kwa kuuza nje kahawa, chai, pareto na mazao mengine. Basi deni na bei ya mazao huenda pamoja kama jembe na mpini.

Mfano mzuri ni kahawa. Mwaka 1962 nchi zinazouza na nchi zinazonunua zilifanya Mapatano ya Kahawa ya Dunia. Kila nchi inayouza iliwekewa kiasi chake, ili kahawa isijae sokoni na bei isianguke. Mapatano hayo yalisaidia bei, lakini yalileta taabu pia: katika miaka ya 1960 Kenya ilizuia upandaji wa mibuni mipya, na mkulima wa skimu aliyetaka kuanza kahawa aliambiwa angoje.

Mwezi Julai 1989 nchi hizo zilishindwa kupatana juu ya viasi hivyo, navyo vikaondolewa. Kahawa ikamiminika sokoni. Kufikia mwaka 1992 bei ya wastani ya dunia ilikuwa chini ya nusu ya bei ya mwaka 1988. Mkulima wa Kiambu au Nyeri hakuwa amepunguza kazi yake. Alipalilia na kuchuma kama kawaida. Kilichobadilika ni kanuni iliyotungwa mbali naye.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme unadaiwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kilo moja inakuletea shilingi 100. Utahitaji kilo 200 kulipa. Bei ikishuka mpaka shilingi 50, utahitaji kilo 400. Deni halikuongezeka hata senti moja, lakini kwa kipimo cha jasho lako limekuwa mara mbili. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa nchi nzima pia.

Swali la tatu: Mkopo una masharti gani?

Mwaka 1980 Kenya ilipata kutoka Benki ya Dunia mkopo wa kurekebisha uchumi. Mikopo ya namna hiyo iliendelea katika miaka iliyofuata, na masharti yake yalitaka Serikali ipunguze mkono wake katika biashara. Mwaka 1992 biashara ya maziwa iliachwa huru. Wakulima walio karibu na mji waliweza kumtafuta mnunuzi mwenye bei nzuri. Walio mbali, wenye barabara mbovu, walikuta kwamba mnunuzi ni yule yule mmoja au hakuna kabisa. Sharti moja liliwafaa hawa na kuwaumiza wale.

Basi mkulima afanye nini?

1. Kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, uliza: ni zawadi au mkopo? Riba ni kiasi gani? Mwisho wa kulipa ni lini?

2. Andika deni lako kwa kilo za kahawa au lita za maziwa, wala si kwa shilingi tu. Kisha ulihesabu tena kana kwamba bei imeshuka nusu. Ukiona huwezi kulipa, punguza mkopo.

3. Usitegemee zao moja. Ng'ombe wa maziwa, mahindi ya chakula na mboga vitakushika mkono kahawa ikianguka.

4. Hudhuria mkutano wa chama cha ushirika, uulize bei iliyolipwa na makato yaliyofanywa.

Bei ya dunia hatuwezi kuipanga kutoka shambani. Lakini kiasi cha deni tunachobeba twaweza kukipima kabla ya kukitia kichwani.