KUTU KATIKA MABOMBA YA MAJI

Bukene ni kituo cha reli katika wilaya ya Nzega, njiani kutoka Tabora kwenda Mwanza. Zamani wapagazi wa Unyamwezi walichukua maji yao ya safari katika vibuyu, na kibuyu hakishiki kutu. Siku hizi watu wengi wa nchi hiyo hupata maji kwa mabomba. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yalifikishwa Shinyanga na Kahama, na baadaye bomba likaendelezwa hata Nzega, Igunga na Tabora. Lakini bomba la chuma lina adui, naye ni kutu.

Kutu hutoka wapi? Twaeni misumari mitatu safi ya chuma na chupa tatu. Katika chupa ya kwanza tieni msumari mkavu, mkazibe. Katika ya pili tieni msumari na maji, mkaiache wazi. Katika ya tatu tieni msumari na maji yaliyochemshwa robo saa, kisha mmimine mafuta juu yake, hewa isiingie. Baada ya juma moja, msumari wa chupa ya pili ndio utakaokuwa na kutu nyingi. Basi, chuma huliwa na maji na hewa vikiwa pamoja. Maji yenye asidi hukila upesi zaidi.

Kwa hiyo mafundi hupaka bomba zinki, kama bati la nyumba. Kama maji ya kisima yana asidi, zinki huisha upesi. Hapo bomba la plastiki ni bora. Tena huweza kutia chokaa kidogo katika maji ili kupunguza asidi, au dawa iitwayo fosfati, ifanyayo utando ndani ya bomba.

Utando huo si jambo dogo. Mwaka 2014 mji wa Flint, Marekani, ulianza kutumia maji ya mto bila kutia dawa hiyo. Utando ukaharibika, madini ya risasi yakatoka katika mabomba ya kale, na watoto wakanywa sumu isiyoonekana.

Maji ya bomba yakitoka mekundu asubuhi, yakingeni kwa ndoo ya bustani mpaka yawe safi. Yakizidi kuwa mekundu, mwambieni fundi.

Maswali
1. Vitu gani viwili hufanya kutu?
2. Mafuta katika chupa ya tatu yana kazi gani?
3. Kwa nini maji meupe huweza kuwa na sumu?