Klamidia: Ugonjwa wa Wawili Usiotibiwa kwa Mmoja

Klamidia ni nini

Klamidia ni ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, nao hupita kwa kujamiiana bila kinga, iwe ukeni, mkunduni au mdomoni, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Choo cha shirika, taulo na kikombe haviambukizi, ingawa ndivyo vinavyosingiziwa zaidi.

Dalili

Walio wengi hawana dalili yoyote.

Dalili zinapojitokeza

Mwanamke huweza kutokwa na uchafu usio wa kawaida ukeni, kusikia maumivu chini ya kitovu au anapokojoa, au kuona damu baada ya tendo la ndoa. Mwanamume huweza kutokwa na ute au usaha, kuwashwa anapokojoa, au kuvimba korodani. Wengi huita hali hii "UTI sugu" na kununua vidonge dukani bila kupimwa, au mwanamke hujiosha ndani ya uke kwa sabuni, jambo lisiloponya na linaloongeza madhara. Ugonjwa ukiachwa huweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, yaani njia zinazopitisha yai, ukaiachia makovu yanayoleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi, ambayo mrija ukipasuka huweza kuua. Mtoto anayezaliwa na mama mgonjwa huweza kuugua macho au nimonia.

Mwenza atibiwe

Kosa linalorudisha wagonjwa wengi zahanati ni moja: mmoja kutibiwa, mwenza akaachwa. Mke humaliza dozi, hupona, kisha hulala na mume aliyebaki na vijidudu bila maumivu yoyote, na baada ya muda hurudi na malalamiko yale yale akidai dawa ni mbovu, ilhali dawa ilifanya kazi yake. Kwa kuwa zahanati nyingi hutibu kwa kufuata dalili, kwa kukosa kipimo cha klamidia, mume asiye na dalili ni vigumu kugundulika asipoambiwa na mkewe, na mke hali kadhalika. Mwenza atibiwe. Hata asiyeumwa atibiwe. Aliye safarini atibiwe akirudi, kabla ya tendo la ndoa. Kugawana dozi moja huwaacha wote wawili wagonjwa.

Nani ameuleta?

Swali hilo halijibiwi na kipimo, kwa maana vijidudu huweza kukaa kimya mwilini miezi mingi, pengine tangu kabla ya uhusiano wa sasa, na ugomvi unaozuka humfanya mmoja afiche vidonge vyake, ndipo kosa lile lile linaporudi: mmoja kutibiwa, mwenza akaachwa. Anayeogopa kusema amwombe mhudumu wa afya amwite mwenza na kuzungumza naye kwa faragha.

Dawa

Dawa inayotumika zaidi ni doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, ambayo humezwa kwa glasi nzima ya maji, bila kulala papo hapo, na si pamoja na maziwa wala vidonge vya kuongeza damu. Mjamzito haimezi, hupewa azithromaisini, gramu 1 kwa mara moja, na hupimwa tena baada ya wiki 4 hivi. Kisonono huweza kuwapo pamoja na klamidia, hivyo anayeongezewa sindano asiikatae, na kipimo cha VVU kifanywe siku hiyo hiyo. Anayepata nafuu siku ya tatu asiache dawa.

Tendo la ndoa lingoje

Wote wawili wamalize dawa. Aliyepewa dozi ya mara moja angoje siku 7.

Kondomu

Itumike kila mara, tangu mwanzo wa tendo hadi mwisho.

Kurudi kupimwa

Mahali penye kipimo, aliyepona apimwe tena baada ya miezi 3 hivi, na aende na mwenza wake.