Moto Umevuka Mpaka wa Shamba: Asiransi Inalipa Mpaka Wapi?



Katika mafunzo ya kiangazi tulizungumza juu ya kuchoma masalio ya mavuno. Mama mmoja akanyoosha mkono: «Ajenti wa asiransi alipita kwetu. Alisema nikichoma shamba la mwenzangu, wao watalipa. Basi nikiwa na ile karatasi, sina deni tena?» Wengi waliitika kwamba ndivyo. Sivyo. Mimi ni mtu wa mbegu na udongo, si mwanasheria, lakini jambo hili linaweza kuuzisha mtu shamba lake.

Tuanze na sheria. Kitabu cha tatu cha Code civil ya Kongo, kifungu 258, kinasema: ukimuharibia mwingine kwa kosa lako, unapaswa kulipa. Kifungu 261 kinagusa wafugaji: mwenye mnyama anajibu kwa uharibifu wake, hata kama mnyama alipotea ao alitoroka. Kwa hiyo deni linazaliwa pale ng'ombe anapoingia kwenye maharagi ya jirani. Asiransi ya responsabilite sivile hailifuti. Inakusaidia kulilipa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kontra.

Kipimo cha kwanza ni kiwango cha juu. Tuseme moto wako umekula migomba na depo ya jirani, hasara dola 1.800. Kama kontra inasimama kwa dola 1.000, zile 800 zinabaki shingoni mwako, na jirani ana haki ya kukudai wewe mwenyewe. Angalia pia kama hizo 1.000 ni za kila ajali ao za mwaka mzima. Kama ni za mwaka, ajali ya pili inaweza kukuta zimeisha.

Kuna pia franshizi, ni kusema sehemu unayotoa wewe kwanza. Franshizi ikiwa dola 100 na ng'ombe ameharibu mahindi ya dola 80, asiransi haitoi kitu.

Tena, asiransi hii inalipa watu wengine tu. Mihogo yako iliyoungua katika moto uleule, hapana. Mara nyingi hata mali ya mke, mume ao watoto wa nyumba moja haihesabiwe. Ukichoma kwa kusudi juu ya ugomvi wa mpaka, hakuna asiransi itakayokulipia, wala haitalipa amande ya tribinali.

Sasa pahali ambapo koperative nyingi zinajidanganya. Kontra ya mtu binafsi inahusu maisha ya nyumbani. Prezida wetu ana asiransi yake, tunasema tuko salama. Lakini akipiga dawa kwa pompi ya koperative, kwa kazi ya koperative, upepo ukapeleka dawa kwenye bwawa la samaki la mtu, asiransi yake itajibu: hiyo ni kazi, si maisha yako binafsi. Koperative inahitaji kontra kwa jina lake. Na pikipiki ya kubeba mazao iko mbali kabisa na hayo yote: ina asiransi yake, ambayo ni ya lazima katika Kongo tangu sheria ya 1973.

Neno moja juu ya desturi yetu. Uharibifu ukitokea, tunaenda kwa jirani, tunaomba radhi, tunapatana bei siku ileile. Kuomba radhi ni vizuri, nenda. Lakini kontra nyingi zinasema ukikubali kulipa pesa fulani mbele ya kuwajulisha, wao hawafungwi na mapatano yako. Mwambie jirani pole, hesabuni pamoja mashina yaliyoharibika mbele ya mashahidi, piga picha, peleka habari kwa asiransi katika siku zilizoandikwa. Bei ingoje.

Tangu sheria ya 2015, SONAS haiko peke yake tena sokoni. Kampuni zingine zinaweza kuuza asiransi, chini ya uangalizi wa ARCA. Basi unaweza kulinganisha. Mbele ya kutia sahihi, mwambie ajenti akuonyeshe kwa kidole, ndani ya kontra, mstari wa kiwango cha juu, mstari wa franshizi, na ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Asipouonyesha, mrudishie kalamu yake.