Hata Lini, Bwana? Imani Inayolia Bado ni Imani

SOMO LA WIKI
Andiko: Zaburi 13
Maandiko ya kusaidia: Kumbukumbu la Torati 1:27, 1 Samweli 14:27, Zaburi 88, Zaburi 136



Kabla hujaendelea, hebu fungua Biblia yako Zaburi 13 uisome yote. Ni mistari 6 tu. Isome kwa sauti kama uko mahali unaweza, halafu urudi hapa.

Utangulizi

Nianze kwa kuungama. Miaka michache iliyopita dada mmoja niliyekuwa nikimchunga alipoteza mimba ya miezi saba. Mimi na mke wangu tukaenda kumwona. Alikuwa amekaa kitini, leso begani, chai mbele yake imeshapoa. Akaniambia, "Pasta, Mungu amenisahau."

Nikamkatiza hapo hapo. "Usikiri hivyo, dada. Kuna nguvu katika ulimi. Kiri ushindi." Akanyamaza. Tukaomba, tukaaga, nikarudi nyumbani nikidhani nimefanya kazi ya Bwana. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani. Ile nyingine pia hakuja.

Miezi baadaye nilikuwa natayarisha somo la ushirika wa nyumbani, nikafika Zaburi 13. Mstari wa kwanza kabisa, Daudi anamuuliza Mungu kama amemsahau, tena kama amemsahau kwa milele. Nilifunga Biblia nikakaa kimya. Nilikuwa nimemkataza dada yule maneno ambayo Roho Mtakatifu mwenyewe ameyahifadhi ndani ya Neno. Nitarudi kwake mwishoni. Ameniruhusu kueleza haya bila kutaja jina.

1. Kitabu cha sifa kilichojaa machozi

Kwa Kiebrania kitabu cha Zaburi kinaitwa Tehilimu, maana yake "sifa." Kina zaburi 150, zilizopangwa katika vitabu vitano. Sasa angalia jambo la ajabu: katika kitabu hiki kinachoitwa Sifa, nyimbo za maombolezo na malalamiko ni nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Waebrania hawakuona shida hapo. Kwao, mtu anayemlilia Mungu bado anamheshimu Mungu, kwa sababu amekubali kwamba Mungu yupo, anasikia, na anaweza.

Tena tazama maneno madogo juu ya Zaburi 13, kabla ya mstari wa kwanza. Imeandikwa kwamba ni ya mwimbishaji. Yaani kilio hiki hakikufichwa chumbani mwa Daudi. Kilipewa kiongozi wa waimbaji ili watu wa Mungu wakiimbe pamoja. Jiulize, katika kwaya yetu, ni lini mara ya mwisho tuliimba wimbo wa mtu ambaye bado hajapata jibu?

Jambo moja la kukusaidia kusoma. Ushairi wetu wa Kiswahili unajulikana kwa vina na mizani, sauti zinapatana. Ushairi wa Kiebrania hupatanisha mawazo. Mshororo wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia ukiongeza uzito. Daudi anauliza kwanza kuhusu kusahauliwa, kisha kuhusu Mungu kumficha uso. Si marudio ya bure. Mtu anaweza kukusahau kwa bahati mbaya, lakini anayekuficha uso amekuona na ameamua kugeuka. Maumivu yameshuka hatua moja zaidi. Kwa hiyo usizikimbilie zaburi. Soma mshororo, tulia, usome mwenzake.

2. Lia, lakini lia kwa Mungu (mstari 1–2)

Hesabu ni mara ngapi Daudi anasema "hata lini." Ni mara nne katika mistari miwili. Anataja uchungu wa aina tatu: Mungu anaonekana kuwa mbali, moyo wake mwenyewe umechoka kwa kuwaza mchana kutwa, na adui anazidi kuwa juu yake. Wengi wetu tunaijua hali hiyo. Karo haijalipwa, usingizi umepotea, na jirani aliyekucheka ndiye anajenga.

Mtu atauliza, "Lakini Pasta, si Mungu aliwakasirikia Waisraeli kwa kunung'unika?" Swali zuri. Soma Kumbukumbu la Torati 1:27. Waliponung'unika, walinung'unikia wapi? Ndani ya hema zao. Walimsema Mungu wao kwa wao, hata wakasema kwamba aliwatoa Misri kwa sababu anawachukia. Daudi anafanya kinyume. Hamsemi Mungu pembeni; anamwambia Mungu uso kwa uso, na kwa jina lake. Manung'uniko yanampa Mungu mgongo. Maombolezo yanamshika kanzu.

Kwa hiyo jipime. Shida yako umewaeleza watu wangapi kwenye chama, kazini na kwenye simu? Mungu mwenyewe umemweleza kwa maneno hayo hayo, bila kuyapaka rangi?

3. Omba jambo lenyewe (mstari 3–4)

Baada ya kulia, Daudi anaomba. Anaomba aangaliwe, ajibiwe, na macho yake yatiwe nuru. Hiyo nuru ya macho ni nini? Katika 1 Samweli 14 Yonathani amechoka vitani, anaonja asali kidogo kwa ncha ya fimbo, na macho yake yanatiwa nuru. Ni nguvu kumrudia mtu aliyekuwa anazimia. Daudi anasema wazi kwamba bila hiyo atalala usingizi wa mauti. Hajifanyi shujaa.

Na katikati ya ombi hilo anamwita BWANA Mungu wake mwenyewe. Yule anayedhani amemsahau, bado anamwita wake. Hapo ndipo imani imejificha. Usitafute imani yako katika ukubwa wa sauti unapoomba. Wakati mwingine imebaki katika neno moja tu: "wangu."

4. Tumaini linaangalia rekodi (mstari 5–6)

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na kuna mambo mawili ya darasani ambayo hayajanitoka.

La kwanza: kitabu cha hesabu kinachoficha hasara ni kitabu cha uongo. Mkaguzi akikikuta hasemi una imani kubwa katika biashara yako, anasema umedanganya. Daudi ameandika hasara yake yote, mstari wa 1 hadi wa 4. Hakuruka hata moja. Ndiyo maana tunaweza kumwamini anapofika mstari wa 5.

La pili: anayekopesha hawezi kuiona kesho. Ukienda SACCO kuomba mkopo, kamati haina macho ya kuona mwaka ujao. Inaangalia rekodi: umeweka akiba vipi, umelipa vipi. Mfano huu una mipaka yake, kwa maana Mungu hadaiwi na mtu. Lakini Daudi naye haioni kesho. Adui bado yuko. Zaburi haisemi ameondoka. Daudi anageuka na kuangalia rekodi ya Mungu, anaona kwamba ametendewa kwa ukarimu, na hapo anaweka tumaini lake.

Anatumaini nini hasa? Neno la Kiebrania ni "hesedi," ambalo Biblia yetu inatafsiri "fadhili." Si hisia nzuri ya siku moja. Ni upendo wa agano, upendo wa yule aliyejifunga na hawezi kukuacha njiani. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mmoja unarudi kwenye neno hilo. Kumbuka pia kwamba Daudi hakuweka tumaini katika nguvu za imani yake. Aliliweka katika fadhili za Mungu. Imani yako ikiwa ndogo leo, fadhili zake hazijapungua.

5. Je, mstari wa 5 usipofika?

Hapa tuwe wakweli. Kuna zaburi ambayo haigeuki. Zaburi 88, ya Hemani, inaanza kwa kumwita Mungu mwokozi na inamalizikia gizani. Hakuna wimbo wa ushindi mwishoni. Hata hivyo Mungu aliikubali ikae katika Neno lake, kwa ajili ya mtu ambaye usiku huu hana kingine cha kusema. Hemani hakuona mwanga, lakini tangu mwanzo hadi mwisho aliendelea kuzungumza na Mungu.

Na Bwana wetu Yesu, aliposulubiwa, alitumia maneno ya zaburi. Alilia kwa kilio cha Zaburi 22 cha kuachwa, na akaikabidhi roho yake kwa maneno ya Zaburi 31. Kilio na tumaini vilitoka katika kinywa kimoja, siku moja. Kama Mwana wa Mungu aliomba hivyo, nani atakwambia kwamba umekosa imani?

Basi tusimsukume mwenzetu afike mstari wa 5 kabla hajaumaliza wa 2. Ukienda kwenye matanga au hospitalini, keti. Sikiliza. Sema pole. Na wewe unayeumia, usijenge nyumba kwenye mstari wa 2. Pumzika hapo, lakini endelea kumwambia Mungu neno linalofuata.

Mazoezi ya wiki

Chukua daftari na uandike zaburi yako kwa hatua nne. Kwanza, mwite Mungu kwa jina. Pili, mwambie kinachouma bila kuficha. Tatu, omba jambo moja wazi. Nne, andika tendo moja ambalo Mungu amekutendea zamani, na ulitie sahihi kwa kusema, "Natumaini fadhili zako." Kama hatua ya nne haiji, acha nafasi wazi. Utarudi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni maneno gani umekuwa ukiogopa kumwambia Mungu? Kwa nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya manung'uniko ya jangwani na kilio cha Daudi?
3. Ni nani katika kikundi chetu anayehitaji mtu wa kuketi naye wiki hii? Nani ataenda, na siku gani?

Hitimisho

Nilimrudia yule dada, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Pasta, tangu siku ile sijaomba. Nilijua maneno niliyo nayo hayaruhusiwi." Sentensi hiyo imenitesa, na nashukuru kwamba imenitesa.

Nikampa Biblia, Zaburi 13, nikamwomba asome. Akasoma hadi mwisho wa mstari wa 4, akasimama. "Huu wa tano bado, Pasta." Nikamwambia ni sawa. Mke wangu akawa anaenda kwake kila Alhamisi, wanasoma hadi hapo, wanaomba, wanakunywa chai. Hakuna aliyemhesabia wiki. Alhamisi moja, bila kuambiwa, alisoma akapitiliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alifika mstari wa 6.

Tuombe

Bwana Mungu wetu, unatujua tulivyo. Wengine wetu tumekuja na shukrani, wengine tumekuja na "hata lini." Tupokee sote. Utusamehe tuliponyamazisha kilio cha ndugu zetu. Yatie nuru macho ya aliyechoka, na pale ambapo jibu bado halijaonekana, utushike kwa fadhili zako hadi lije. Katika jina la Yesu. Amina.