Dondoo muhimu: Matandazo ya mparachichi yasiguse shina

Mizizi inayolisha mparachichi iko juujuu, mingi ikiwa ndani ya sentimita 30 za kwanza za udongo, ndiyo maana jua la kiangazi huutesa mti huu upesi. Ili kuukinga, tandaza nyasi mvua zinapoelekea kwisha, baada ya kupalilia, udongo ukiwa bado na unyevu. Ukifunika udongo mkavu, manyunyu yataishia kwenye nyasi.

Kosa kubwa ni kulundika nyasi hadi kwenye shina. Gome linalokaa na unyevu usiku na mchana hulainika na kuoza, panya hujificha humo na kulitafuna, na mchwa hupata pa kupandia. Acha duara tupu la sentimita 20 hadi 30 kuzunguka shina. Pale shina linapoingia ardhini paonekane wazi. Kutoka hapo tandaza kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 mpaka ukingo wa kivuli cha matawi.

Nyasi kavu zisizo na mbegu, majani ya migomba na mabua ya mahindi yanafaa. Maranda mabichi yaache yaoze kwanza, maana yakichanganyika na udongo huupunguzia naitrojeni. Nyasi za shamba lililopuliziwa dawa ya magugu usizilete kabisa.

Matandazo makavu hushika moto haraka. Kabla majirani hawajaanza kuchoma mashamba, fyeka ukanda mtupu kuzunguka shamba lako. Kagua mchwa kila wiki, na ukiwaona, sogeza matandazo kando siku hiyohiyo.