Utakufa mara nyingi, steringi! Somo la kwanza la gemu za upanga na uchawi

Tunapopita mashuleni kwenye klabu za afya tumezoea kuulizwa kuhusu balehe, chunusi na mapenzi. Siku hizi kuna swali jingine linaloletwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa: "Ile gemu ya jamaa mwenye upanga na farasi inachezwaje? Kila nikishika mimi nakufa tu." Walimu wengine wakisikia swali hili wanaguna. Sisi tumeamua kulijibu. Ndani yake kuna mambo ya afya na ya mfuko ambayo pale kibandani hakuna anayekueleza.

Hii ni gemu ya namna gani?

Mpira wa kwenye PlayStation karibu kila mtu anaujua. Watu wawili, vipindi viwili, aliyefungwa anampisha mwingine. Gemu tunayoizungumzia leo haina filimbi ya mwisho. Unavaa uhusika wa mtu mmoja katika ulimwengu wa kubuni, wenye mazimwi, wachawi na falme zilizoanguka, kama katika ngano za bibi. Unampa jina, unamchagulia silaha, unamkuza kidogo kidogo. Anaanza dhaifu, anamaliza akiwa tishio. Hadithi nzima inaweza kukuchukua wiki au miezi.

Asili yake haikuwa na umeme kabisa. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa kwa karatasi, penseli na dadu. Mmoja anasimulia, wenzake wanasema watafanya nini, dadu inaamua. Kompyuta zilikuja kuichukua kazi ya msimulizi, na baadaye vidole vikachukua nafasi ya dadu. Adui anakuja mbio, usipokwepa sasa hivi umekwisha.

Anayeulizwa sana ni mmoja: Elden Ring, uliotolewa na kampuni ya Kijapani FromSoftware mwezi Februari 2022. Aliyeongoza kazi hiyo ni Hidetaka Miyazaki, na mwandishi wa Kimarekani George R. R. Martin alisaidia kubuni historia ya ulimwengu wake. Ila asikudanganye mtu kwamba mambo haya ni ya Wajapani na Wazungu peke yao. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Steringi wake ni Enzo, mwana wa mfalme wa Zama, anayepinduliwa siku ileile ya kutawazwa. Anaondoka na mkewe Erine kutafuta nguvu za kurudisha kiti chake, na nguvu zenyewe zinatoka kwa mababu. Hiyo inachezwa kwenye kompyuta.

Shika pedi

(Hapana, si ile pedi ya ukurasa wa hedhi. Hii ni ya kushika mikononi.) Tutumie Elden Ring kwenye PlayStation kama mfano. Kijiti cha kushoto kinakutembeza, cha kulia kinageuza macho. R1 ni pigo jepesi, R2 ni pigo zito, L1 ni ngao. Duara ukiigusa unabingirika kukwepa, ukiishikilia unakimbia. Mraba ni kunywa dawa. Ukibonyeza kijiti cha kulia kuelekea chini, macho yako yanamganda adui mmoja, hayamwachi.

Juu ya skrini kuna mistari mitatu. Mwekundu ni damu, ukiisha umekufa. Wa buluu ni nguvu za uchawi. Wa kijani ni pumzi, na hapo ndipo wanaoanza wanapozikwa. Ukimtazama mgeni akicheza utaona anabonyeza R1, R1, R1 kama anapiga honi kwenye foleni ya mpakani. Kila pigo linakula pumzi. Adui anapoinua rungu lake, mchezaji anataka kukwepa, pumzi haipo. Kwisha habari yake.

Kwa hiyo piga mara moja au mbili, kisha acha. Subiri. Mwangalie adui mikono na miguu yake. Kila adui ana mpangilio wake, na kabla ya kupiga lazima ajiandae. Ukishaujua mpangilio, unabingirika pale pigo linaposhuka, si pale anapoinua mkono. Na mara nyingi kubingirika kwenda upande wake ni salama kuliko kurudi nyuma, kwa sababu upanga wake unakupita juu na wewe unatokea mgongoni kwake. Angalia pia mzigo uliovaa. Ukizidi asilimia 70 ya uzito unaoweza kubeba, kubingirika kwako kunakuwa kama gunia la mahindi linaloanguka kutoka kwenye lori.

Ukianza utaulizwa uchague aina ya mtu kati ya kumi. Mchukue Vagabond, mwenye deraya, upanga na ngao. Yuko mwingine aitwaye Wretch, anaanza karibu uchi akiwa na rungu tu. Washikaji watakushawishi umchague ili wapate kucheka. Waache wacheke na mwingine.

Adui wa kwanza kabisa atakuua. Hiyo ni sehemu ya hadithi, karibu kila mtu anakufa pale, usione haya. Ukizinduka pangoni kuna shimo ambalo mzimu ulioketi karibu yake unakuambia ujitose. Jitose, ndiko wanakofundisha. Wengi wanalipita kwa pupa, halafu wanatuletea vikaratasi.

Ukitoka nje unaona nchi nzima mbele yako, mbingu, magofu, na mtu juu ya farasi, wote wawili wamevaa dhahabu. Anaonekana kama ndiye unayetakiwa kupigana naye. Siye! Mzunguke kwa mbali, jifiche nyuma ya vichaka, nenda zako. Utarudi kwake baada ya siku kadhaa ukiwa na nguvu. Watengenezaji wamemweka pale makusudi ili ujifunze mapema kwamba si kila kinachosimama njiani kwako ni lazima ukivamie leo.

Kuna vimwanga vya dhahabu vinavyotoka ardhini. Hapo unakaa, damu inajaa, chupa za dawa zinajaa. Lakini maadui wote wa kawaida uliowaua eneo hilo nao wanafufuka. Ukiua unapata "runes", ambazo ni hela na ni chakula cha kukua kwa pamoja. Ukianza kupanda ngazi, ziweke kwenye Vigor, yaani damu. Vijana wanapenda kuongeza nguvu za kupiga. Mtu mwenye damu nyingi anakosea mara tatu na bado yuko hai, na anayeanza atakosea mara tatu.

Pale pale ulipofia

Sasa sikiliza vizuri. Ukifa, runes zako zote zinabaki chini pale ulipoangukia. Unaruhusiwa kurudi kuziokota. Ukifa tena kabla ya kuzifikia, zimepotea moja kwa moja.

Ni ubunifu wa hali ya juu na unasisimua kweli. Lakini fikiria unacheza kibandani unakolipa kwa muda. Dakika tano zimebaki, runes elfu saba ziko chini ya miguu ya bosi. Nani atasimama? Mkono unaingia mfukoni wenyewe. Nauli ya kurudi Mpemba inaingia, hela ya chakula cha mchana inafuata, na tumesikia hata ya mchango wa mtihani. Mwenye kibanda hajakuibia. Anauza muda, na gemu hii inajua kukufanya utake muda zaidi.

Njia tunayoiona ikifaa ni kwenda watatu kwa pedi moja. Mmoja anacheza mpaka afe, anampa mwenzake. Wanaotazama ndio wanaoona mpangilio wa bosi, maana wao hawana hofu mwilini. Mnagawana gharama, na mnakubaliana kabla ya kukaa: leo ni saa moja, au leo bosi huyu mara sita. Hela ya ziada inabaki nyumbani. Runes zikipotea ziende. Mchezaji mzuri anazipata nyingine kwa muda mfupi, na kwa kawaida hata hazikuwa nyingi kama ulivyodhani ulipokuwa unazililia. Dakika mbili kabla ya muda kwisha, toka kwa kupitia menyu ili safari yako ihifadhiwe salama. Usisubiri jamaa achomoe waya, au umeme ukatike ukamwachia mwingine kasheshe.

Anayekulipia saa

Mji wetu ni wa mpaka. Malori yanapanga foleni kuingia Nakonde, wageni wanakaa siku kadhaa wakisubiri makaratasi, na vibanda vinafanya kazi mpaka usiku. Wengi wa wageni hao ni watu wa heshima wanaotafuta riziki. Lakini yupo "anko" anayesimama nyuma yako, muda unakwisha, anasema, "Muongezee huyu saa moja, nalipa mimi." Kesho analipa tena. Keshokutwa anakuambia chumbani kwake ana mashine yake mwenyewe, twende ukachezee huko bila kelele.

Tunaandika haya kwa wasichana na wavulana. Wavulana nao wanafanyiwa, tena wanakaa kimya zaidi. Kama mtu mzima usiyemfahamu anakulipia, jibu ni "Asante, muda wangu umekwisha," unainuka. Huna deni lake hata kama alikulipia jana na juzi. Kama ameshakushika au kukulazimisha, kosa si lako. Nenda kituo cha afya haraka. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi. Unaweza kupiga simu 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mwambie dada, shangazi, mwalimu, yeyote unayemwamini.

"Mimi nacheza bure kwenye simu"

Bure ina mambo yake. Mfano ni Genshin Impact ya kampuni ya Kichina miHoYo, iliyotoka Septemba 2020. Kuipakua hulipi zaidi ya bando, ingawa bando lenyewe litalia. Ni nzuri, na hadithi yake unaweza kuimaliza bila kutoa senti. Ila wapiganaji wakali unawapata kwa bahati nasibu. Nafasi ya kupata mpiganaji wa nyota tano kwa jaribio moja ni asilimia 0.6, yaani mara 6 katika majaribio 1,000. Ukikosa mfululizo unahakikishiwa mmoja unapofika jaribio la 90, na bado anaweza asiwe yule uliyemtaka. Kila jaribio linagharimu vito 160. Piga hesabu: 160 mara 90 ni vito 14,400. Vito hivyo unavikusanya polepole kwa kucheza, au unavinunua kwa hela halisi.

Januari 2025 serikali ya Marekani, kupitia tume yake inayolinda walaji, ilitangaza kwamba kampuni hiyo imekubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia bahati nasibu hiyo vijana chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi. Kama simu unayochezea ndiyo ile mama anayoweka mtaji wa nyanya, namba ya siri ya pesa zake usiijue kabisa.

Mwili wako nao

Swali linalokuja sana: je, gemu inaleta wazimu? Hapana. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Hautambuliwi kwa kuhesabu saa. Daktari anaangalia kama mtu ameshindwa kuacha, kama gemu imesukuma kando kila kitu kingine, na kama anaendelea ingawa inamharibia, kwa kawaida kwa miezi 12. Kucheza sana wiki moja ya likizo si ugonjwa.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Na hapa kuna habari njema kwa wachezaji: vidole vinajifunza hata ukiwa umelala, kwa sababu ubongo unapanga upya ulichojizoeza mchana. Bosi aliyekutesa mpaka saa nne usiku anaweza kuanguka kesho yake kwa jaribio la pili.

Mwanga unaomweka haraka unaweza kuanzisha kifafa kwa watu wachache. Akianguka mwenzako kibandani, hajarogwa wala hana mapepo, na povu lake haliambukizi. Sogeza viti, mlaze kwa ubavu, weka sweta chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ikizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali.

Huna hela, huna simu?

Rudini mwaka 1974. Mnahitaji dadu moja ya ludo, karatasi na watu wanne. Mmoja awe msimulizi. Kila mchezaji aandike jina, silaha moja, jambo moja analoogopa, na damu 10. Akipiga, anarusha dadu: 4, 5 au 6 amempata adui, 1 hadi 3 amekosa na anapoteza damu mbili. Ana chupa tatu za dawa, kila moja inarudisha damu tano. Msimulizi anaanza hivi: usiku wa manane kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi, kimeanza kutoa joto, na mlinzi haonekani. Mnafanya nini? Mkifika kengele ya kipindi, andikeni damu ya kila mtu imebaki ngapi, na karatasi akae nayo yule asiyepoteza vitu.